Njia ya Matembezi, Wampembe

Jumamosi, 22 Juni 2024

Nimeshuka Wampembe kukagua ufukwe. Sumbawanga nimetoka na makoti mawili, baridi ya Juni haina adabu. Huku nimebaki na singlendi, na bado jasho. Lakini ziwa! Tanganyika lote mbele yangu! Na mchanga mtupu, hakuna mtu, hakuna hata kikapu. Mitumbwi imevutwa nchi kavu. Wavuvi wanacheza karata kivulini, kina mama wanasukana. Jana mwezi ulikuwa mpevu, mtu angeweza kuokota sindano nje. Watu hawa wamekalia mali na hawajui.

Wazo limetoka kwenye pazia la studio yangu ya picha, Katandala. Limechorwa mji wa pwani: maghorofa, bahari, na njia ndefu ya mbao inayoingia majini, watu wanatembea wameshikana mikono. Wateja wangu wote wamepigwa picha pale. Sasa kila mtu ana simu, pazia linafuga vumbi. Kwa nini nisiijenge njia hiyo yenyewe?

Tena kuna Mzee Lugano, baba yake Tusekile wangu. Kabla ya kustaafu alifanya kazi Dar es Salaam, na kila nikienda kuulizia posa yangu ananisimulia jinsi alivyokuwa akitembea kando ya bahari na mkewe jioni. Akimaliza ananiuliza mimi nimewahi kumaliza nini. Banda la kuku ambalo halijaona kuku? Uyoga uliooza? Amesema posa haipokei mpaka aone kwa macho yake kitu kimoja nilichokianza nikakifikisha mwisho. Basi ataona! Uzinduzi ni Sabasaba, na yeye ndiye mgeni rasmi.

Jumapili, 23 Juni

Mwenyekiti wa kitongoji amekubali. Nilijiandaa kubembeleza, nikakuta hakuna wa kubembelezwa. Mama Mary, kiongozi wa kina mama wa pale ufukweni, aliuliza tu kama mbao zitakuwa imara. Nikamwambia zitabeba mawaziri. Akawaita wenzake, wakazunguka alama nilizochora mchangani, wakachekelea. Hawa wameelewa maendeleo upesi kuliko wakwe zangu.

Jumanne, 25 Juni

Nimebomoa banda la kuku. Mbao nzuri, ni aibu zilivyokuwa zimekaa bure. Nikatafuta usafiri, nikaambulia Fuso la Evaristi. Huyu Evaristi anabeba dagaa kutoka ziwani, na kila safari hasahau kumpelekea Tusekile migebuka miwili. Eti ujirani mwema. Ananuka samaki hata Jumapili.

Njiani aliniuliza kama nimewauliza wenyeji vizuri, maana mama zake wadogo wanaanika pale. Nikamwambia nimefika mwenyewe, nimeona kwa macho yangu mawili, hakukuwa na hata dagaa mmoja. Akataka kuendelea. Nikaongeza sauti ya redio. Wivu ni kitu kibaya.

Ijumaa, 28 Juni

Kazi inakwenda! Fundi Leonsi anapiga misumari, mimi nasimamia. Kina mama wanabeba mbao kichwani bila kuombwa, wanaimba. Wana maoni mazuri pia. Wameomba mbao ziachiane kidogo ili upepo upite chini. Wamefikiria miguu ya wageni! Wameomba jukwaa liinuke hadi kiunoni, mbuzi na mbwa wasifike. Usafi! Wameomba upande mmoja usiwekwe kingo, ili mtu aweze kufikia katikati kwa mkono. Hili sikulielewa, lakini nikakubali, nisionekane mshamba wa mambo ya pwani.

Leonsi alinitazama, akaniuliza kama nina uhakika hii ni njia ya kutembea. Nikamwambia apige msumari.

Jumatano, 3 Julai

Imekwisha! Mimi Ambwene nimemaliza kitu! Inaanzia kwenye mchanga, inaingia majini, kama ya kwenye pazia. Nimetembea mwanzo hadi mwisho, mikono nyuma, kama mtu mwenye pensheni. Nimelia kidogo. Kina mama wakapiga vigelegele. Nimerudi mjini kuwachukua wageni.

Tusekile nimemwonyesha picha kwenye simu. Ameitazama muda mrefu, akasema ni nzuri kweli. Akasema pia kwamba nyumbani amechoka kunitetea, kila siku ni yeye na baba yake, na safari hii anaomba tu nisimwaibishe. Nikamwambia aandae gauni.

Jumapili, 7 Julai. Sabasaba

Sijui nianzie wapi.

Tulifika asubuhi. Mzee Lugano suti nyeupe, viatu vinang'aa, fimbo. Tusekile gauni la bluu. Nilimfumba mzee macho kwa leso, nikamwongoza kwa mkono hadi kwenye ngazi. Harufu ilinigonga kabla sijaifungua leso, nikadhani ni Evaristi. Nikaifungua.

Dagaa! Dagaa mwanzo hadi mwisho! Njia yangu yote imemetameta, hakuna pa kuweka hata kidole. Mzee akainua mguu kupanda. Mama Mary akamzuia kwa heshima zote, shikamoo baba, lakini usikanyage, hicho ni chakula cha watu.

Nikapiga kelele. Nikauliza ufukwe wangu mtupu umekwenda wapi. Mama Mary akanihurumia, akanieleza polepole kama mtoto. Dagaa huvuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu hawaifuati taa, kwa hiyo wanaume hupumzika na mchanga hubaki mtupu. Mwezi ukizama, giza likaingia, watu wote wako kazini na ufukwe mzima unaanikwa dagaa. Nami nilikuja kukagua siku za mbalamwezi, nikazindua siku za giza. Akashangaa kwamba sikujua. Kwani Sumbawanga dagaa tunadhani wanatoka wapi?

Evaristi alikuwa anapakia magunia. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mzee Lugano alizunguka njia yangu yote kwa chini, akigonga nguzo kwa fimbo. Aligonga kila moja. Akaonja dagaa. Akawauliza kina mama, wakamwambia miaka yote walikuwa wanaanika mchangani, wanakula mchanga, wanauza mchanga, na hiki ndicho kichanja cha kwanza cha maana kujengwa pale. Wameshakiita Kichanja cha Ambwene. Mzee akaniita pembeni. Akasema alikuja na jibu la hapana mfukoni. Lakini hii ni kazi, imekwisha, na watu wanaitumia. Posa ameipokea. Sharti moja tu: niiache ilivyo. Nisiiguse.

Tusekile alinishika mkono mbele ya watu. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha namna ile. Nikaapa.

Jumatatu, 8 Julai

Sikulala vizuri. Kichanja! Mimi, msanii! Kijiji cha jirani wametuma salamu, nao wanataka nikawajengee. Nimewajibu kwamba mimi si fundi wa vichanja.

Kuiacha ilivyo ndiyo nini? Mzee hakusema nisiweke kibao. Kibao si kuigusa, kibao kinasimama pembeni. Nimekiandika kwa rangi nyekundu: NJIA YA MATEMBEZI. DAGAA HAWARUHUSIWI. Nimekipeleka mwenyewe kwa bodaboda hadi chini, mgongo umekufa.

Jumatano, 10 Julai

Mama Mary amekilaza kibao changu juu ya mawe na kuanika dagaa juu yake. Ameshukuru kwa nyongeza. Evaristi kaja na habari mjini, na kwa kuwa hajui kusema uongo, Mzee Lugano alipomuuliza alimweleza yote.

Tusekile amekuja studio. Hakuketi. Amesema baba yake amerudisha posa. Amesema yeye alifurahi siku ile kuliko nilivyofurahi mimi, na kwamba hakuhitaji bahari, alihitaji mtu anayesikia akiambiwa. Nikamwuliza kama kuna Evaristi katika jambo hili. Akasema hakuna, bado ananipenda, lakini kupenda kunachosha. Atangoja mpaka Nanenane anione nimetulia. Kisha akaondoka, nami nikakaa chini ya lile pazia nikalia kama mtoto.

Jumapili, 14 Julai

Nimetulia. Nimefikiri. Kosa lilikuwa ni ziwa. Tanganyika lina dagaa wengi mno.

Leo nimeshuka upande wa pili, bondeni, Ziwa Rukwa. Jamani! Pametulia! Wenyeji wanasema kuna viboko. Nimekaa pale mchana kutwa, sijaona hata mmoja. Maneno ya watu tu. Nyasi za ukingoni ni fupi, zimekatwa sawasawa, sijui nani anazitunza. Tena kuna njia pana zimeshalainishwa mpaka majini, mbao chache tu zinatosha. Majini kuna mawe meusi ya mviringo, yatapendeza kwenye picha. Mvuvi mmoja alitaka kunieleza jambo kuhusu jua likizama, nikamwambia nimeshaona mwenyewe.

Uzinduzi ni Nanenane. Mzee Lugano na Tusekile nitawaketisha mbele kabisa, kwenye nyasi, jioni jua likipoa.