Malalamiko Kuhusu Mashua Iliyotia Nanga Sebuleni Kwangu

Kwa Mhariri wa Jarida la Tanga na Familia.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kiti cha kweli. Sisi huku hatujambo, ila Jumapili tunakaa sakafuni, na sababu ni wewe.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi na si mtu wa kuandikia magazeti. Nimezoea kuandikiwa mimi, na wazazi, tena kwa kashfa, kwa hiyo najua barua ya malalamiko inavyotakiwa kupangwa. Yangu nimeitia namba ili usije ukasingizia kwamba hukuelewa. Inahusu ukurasa wenu wa kila mwezi unaomshauri mtu wa kawaida, mwenye gari la kawaida, namna ya kuchagua mashua ndogo ya tanga, ya kuvutwa kwa trela na kutembeza familia kutwa nzima. Mume wangu ndiye huyo mtu wa kawaida. Alianza kuchagua wakati kitindamimba wetu yuko darasa la kwanza. Sasa kitindamimba ananikosoa hesabu.

Usidhani naandika kwa mchezo. Tunaishi na mama mkwe wangu, na macho yake yanafifia. Daktari wa macho alishatuambia kwamba hakuna miwani wala upasuaji utakaoyarudisha, yatazima polepole kama kandili inayoishiwa mafuta. Mama alikulia ng'ambo ya pili ya ziwa letu. Siku ile tuliyotoka kwa daktari, mume wangu aliapa mbele yetu sote kwamba atamvusha kwa tanga, akaione ng'ambo yake kabla macho hayajafunga. Nililia, sioni haya kusema. Kisha mume wangu akafungua jarida lenu, na tangu hapo hatujalowa hata kisigino.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnampa machaguo mtu asiyepaswa kupewa machaguo. Mume wangu ni fundi miwani. Kazi yake ni kumvisha mteja fremu ya majaribio, kubadilisha vioo na kuuliza: hiki au hiki? Na sasa? Hiki, au kile cha mwanzo? Mteja ndiye anayejibu. Katika maisha yake yote ya kazi mume wangu hajawahi kuchagua kitu, anauliza tu mpaka mwenzake aone vizuri. Hata harusi yetu isingefanyika kama baba yangu asingechoka kuulizwa, mwezi huu au ujao. Mtu wa namna hiyo ninyi mnamwekea mashua chungu nzima kwenye ukurasa mmoja, halafu mnamalizia kwa kuandika kwamba uamuzi ni wa msomaji. Uamuzi gani, Ndugu Mhariri? Tangu siku hiyo anatuuliza sisi, mashua hii au hii, mpaka wakati wa kupiga mswaki.

2. Hamna msimamo. Mwezi mmoja mliandika kwamba mashua yenye mkuku mzito, ule uti wa chini kabisa, haipinduki ovyo, kwa hiyo inafaa watoto. Tukafurahi. Mwezi uliofuata mkaandika kwamba mkuku huohuo unaifanya igome kushuka kwenye trela na ikwame penye kina kifupi, na kwamba mwenye akili atatafuta yenye ubao wa katikati, ule unaopandishwa na kushushwa. Tukafurahi tena, ila kwa unyonge. Mwezi wa tatu mkagundua kwamba ubao huo unakula nafasi ya miguu. Shuleni kwangu mtoto akijibu swali moja kwa majibu matatu, namwambia akae chini afikirie. Kwenu huko anapewa ukurasa mzima na picha yake akiwa amevaa kofia.

3. Mmeniharibia sebule. Ni ninyi mlioandika kwamba mtu asinunue mashua kabla hajakaa ndani yake na familia nzima. Ushauri mzuri kwa mwenye mashua ya kukaa ndani yake. Mume wangu, asiye nayo, alisukuma makochi ukutani, akakunja zulia, akaichora mashua ya kwanza sakafuni kwa vipimo vyenu. Alichora kwa chaki za shule yangu, chaki za watoto wa watu. Mama mkwe akasema chaki haifai, iwekwe ile tepu nene ya mafundi rangi, na tangu siku hiyo mashua zetu zina kingo. Kila Jumapili tunapanda. Tunakaa kwa mpango wa uzito, watoto ubavu mmoja, mimi ubavu wa pili peke yangu, na mpango huo sijausahau. Kuna ule mti wa chini ya tanga, ambao mnaonya kwamba hupiga watu vichwa tanga linapogeuzwa. Kwetu kazi hiyo imepewa meza ya kupigia pasi. Mume wangu hutangaza kwamba tunageuka, huizungusha, na asiyeinama anaipata. Nimepata nundu kutokana na mashua ambayo haipo, na sidhani kama msomaji wenu mwingine anaweza kujisifu hivyo. Mgeni akibisha hodi anaambiwa azungukie jikoni, kwa sababu mlango wa mbele uko majini.

4. Ndoano. Mlisema familia isingoje mashua ndipo iandae gari. Mume wangu hakungoja. Gari letu lina ndoano ya kuvutia trela, ya chuma kitupu, imetokeza nyuma, usawa wa ugoko wangu hasa. Trela hatuna, na majirani wameshaanza kutupa pole, wakidhani imeibwa.

5. Kitindamimba wetu alishikwa na kichefuchefu cha majini juu ya sakafu kavu. Jumatatu yake baba mtu akamwandikia ruhusa ya kutokwenda shule, akitaja mawimbi. Shule ni yangu. Ruhusa ililetwa mezani kwangu, niliisoma kwa mujibu wa wadhifa wangu, nikaikataa.

6. Hapa naandika kwa heshima zote, maana ni mama wa mume wangu na ndiye mwenye safari. Jarida lenu limemtia kiburi. Yeye hukalishwa mbele kabisa, mwanawe akachuchumaa kando yake na kumweleza mashua ya mwezi huo: tanga rangi gani, mlingoti uko wapi, mkono wa kushoto vitaonekana vilima gani. Mezani mume wangu, ukiacha hii au hii yake, maneno utayang'oa kwa koleo. Ila akishamkalisha mama yake ndani ya tepu, anamwaga maneno mpaka chai inapoa, na akishamaliza vilima anaingia kwenye habari zake za utotoni, na za dukani, na hofu zake ambazo hata mimi mkewe sikuwahi kuzisikia. Mwisho wake, pale anapokaribia kabisa kusema basi, tununue hii, mama mkwe anapitisha kidole cha mguu kwenye tepu toka mwanzo hadi mwisho, anaguna, anasema ubavu mfupi, maji yataingia. Mashua imekataliwa. Tepu inabanduliwa, tunangoja toleo lenu lijalo.

Na huwezi kumwambia mume wangu kwamba muda unakwisha. Kila mwezi anampima mama yake macho dukani, na mama anausoma ubao wa herufi mpaka mstari wa mwisho bila kukosea. Mume wangu anarudi nyumbani ametulia, anasema bado tuna nafasi. Mimi nimebaki kushangaa. Mtu anayesoma mstari wa mwisho, chumvi iko mbele yake na bado ni lazima nimsogezee. Nadhani ni kudeka, na kudeka huku mmekulea ninyi.

Kwa hayo yote nadai kama ifuatavyo. Katika toleo lijalo chapisheni mashua moja. Nasema moja, Ndugu Mhariri, bila ya pili ya kuilinganisha nayo, na chini yake muandike kwa herufi kubwa kwamba fundi miwani ainunue. Iwe nzuri au iwe karai lililotundikwa shuka, mimi sijali, ili mradi inaelea na inavuka. Mkishindwa hilo, tangazeni kwamba mashua ndogo zimepigwa marufuku. Mkishindwa na hilo, nitamleta mume wangu mwenyewe hapo ofisini kwenu, na tepu yake na meza yangu ya pasi, mumkalishe mapokezi, awaulize ninyi hii au hii mpaka mstaafu. Hali sana na hakoromi.

Nasema kwa hasira kwa sababu naogopa. Naogopa asubuhi moja mama mkwe ataamka asilione dirisha, na mume wangu atakuwa bado ameshika tepu. Hatajisamehe. Na mimi ndiye nitakayeishi naye, si ninyi.

Nisalimie wote hapo jaridani, kuanzia anayewapikia chai hadi yule mwenye kofia. Na anayewachorea mishale ya upepo mwambie kwamba mishale yake imebandikwa kwenye sakafu yangu na naikanyaga kila nikienda kufungua dirisha.

Ni mimi, ninayengoja kurudishiwa nchi kavu nyumbani kwangu,

Mwalimu Mkuu, mke wa Fundi Miwani.

Nyongeza: Kabla sijatia barua hii kwenye bahasha nilimpa mama mkwe aisome, asije akasema nimemsengenya kwenye namba sita. Aliishika juu chini. Akaitazama kwa utulivu, akanirudishia, akasema nina mwandiko mzuri. Nikaigeuza, nikampa tena. Akasema mwandiko ule ule.

Nilikaa naye pale sakafuni, ndani ya mashua ya mwezi huu. Ameniambia macho yalishafunga tangu kabla ya mvua. Ule ubao wa herufi anaujua kwa moyo tangu mwanawe akisomea ufundi, maana alikuwa akifanyia mazoezi kwake, jikoni. Ng'ambo aliiona vya kutosha alipokuwa msichana, haendi kuitafuta tena. Ila huyu mtoto, amesema, tangu alipoota ndevu hakuwahi kukaa akamsimulia kitu mpaka zilipokuja mashua hizi za tepu, na siku mashua itakaponunuliwa atakuwa na kamba za kuvuta na watu wa kufokea. Nimemwambia siku moja itabidi mwanawe ajue. Akasema ndiyo, siku moja, na kwamba atamwambia mwenyewe.

Barua nakutumia hivyo hivyo, maana imeshaandikwa na karatasi za shule hazitupwi. Lakini madai yangu yote nayafuta. Msichapishe mashua moja. Chapisheni nyingi, na mkiishiwa, tungeni. Andikeni kwa kirefu, hasa rangi, na hasa kinachoonekana kutoka mbele, kwa sababu mume wangu anamweleza mama yake neno kwa neno.

Hii ya mwezi huu tumeshaikataa, mama na mimi. Ubavu wake mfupi.