Picha ya Mia Tatu Sitini na Tano

Alhamisi, 11 Aprili 1957

Picha ya 355. Sufuria ya mke wangu, imepigwa kupitia bilauri ya maji. Saa nne kasorobo asubuhi, mawingu, nilihesabu hadi kumi na mbili. Sufuria imetoka kama uso wa mtu anayetaka kupiga chafya. Safi kabisa! Zimebaki kumi.

Niandike masharti tena, yasije yakapotoshwa na watu. Mwalimu Philbert, aliyetufundisha kazi hii, anarudi kwao Tukuyu kupumzika. Studio yake ya hapa Mbeya, pamoja na kamera kubwa ya miguu mitatu na kioo kirefu, atamwachia mmoja wa wanafunzi wake wawili: mimi, Jailos, au Liberatus wa Ipogolo kule Iringa. Kila mmoja apige picha moja ya majaribio kila siku kwa mwaka mzima, kila siku jambo jipya. Tarehe iandikwe kwa chaki kwenye kibao, na kibao kionekane pichani. Anayeruka siku amekosa. Anayedanganya tarehe amekosa. Tukimaliza wote, atachagua mwenye picha bora. Tulianza 22 Aprili mwaka jana. Siku ya mwisho ni Pasaka.

Barua ya Liberatus imefika leo. Anauliza hali yangu, ya mke, ya mtoto, hata ya mbuzi. Kisha anasema hajaruka hata siku moja, na kwamba picha zake za wiki ya mwisho zitamtoa Mwalimu machozi. Ananiita mdogo wangu. Nimemzidi miezi mitano!

Jumamosi, 13 Aprili

Picha ya 357. Kuku kupitia matundu ya chujio. Kuku alitoroka kabla sijamaliza kuhesabu. Limebaki chujio. Naihesabu.

Nimepata shauri. Nitakwenda Ipogolo kuona kwa macho yangu anachokifanya Liberatus. Basi linaondoka Jumanne alfajiri, nitarudi Alhamisi. Kamera siwezi kuibeba, akiiona tu atajua nimekuja kupeleleza. Kwa hiyo picha za Jumanne, Jumatano na Alhamisi nitazipiga zote Jumatatu, na kuandika tarehe zake mapema. Kibao hakijui leo ni lini.

Mke wangu, Tusekile, alisema kibao hakijui lakini Mungu anajua. Nilimjibu kwamba Mungu hagombei studio. Akasema, haya baba Ikupa, na akaendelea kumenya viazi kwa namna ninayoifahamu.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimempata mtu wa kukaa. Mzee Saulo, mpiga kengele wa kanisa letu. Ndiye pia anayetunza daftari la majina. Sisi Wamoraviani, Pasaka alfajiri tunakwenda makaburini, na majina ya wote waliofariki tangu Pasaka iliyopita yanasomwa kutoka katika daftari hilo.

Alikaa kwenye benchi chini ya kengele, kofia kichwani, fimbo mkononi. Aliniuliza kama Mbeya imeishiwa vitu vizuri hata nimfuate yeye. Nikamwambia atulie. Akasema kwa umri wake kutulia ndiyo kazi pekee anayoiweza bila kufundishwa.

Picha nne, kati ya saa nne na saa nne na dakika ishirini. Ya leo kupitia kioo chekundu. Ya tarehe 16, mafuta ya nazi kwenye ukingo wa lenzi. Ya 17, kamera imelazwa ubavu. Ya 18, kupitia kipande cha chandarua. Mzee hakuinuka hata mara moja. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa namtazama.

Nimezisafisha alasiri katika chumba cha giza cha studio; Mwalimu yuko Tukuyu na ameniachia ufunguo. Ya kwanza, Saulo yupo. Ya pili yupo. Ya tatu yupo. Ya nne kuna benchi, fimbo imeegemea ukuta, kofia imewekwa juu ya benchi. Saulo hayupo.

Chandarua. Wavu unakula mwanga, hilo linajulikana.

Nilimpelekea azione, apate kucheka. Hakucheka. Aliishika ile ya nne mbali na macho, akauliza kibao kinasema tarehe ngapi. Nikamsomea: 18. Akasema, ndaga, mwanangu, asante. Akafungua daftari lake na kuniomba kalamu. Hakunirudishia. Kalamu ya wino, mpya!

Jumanne, 16 Aprili

Safarini. Nimevaa koti la shemeji na miwani myeusi, nisijulikane. Mvua kutwa nzima. Mama mmoja aliyekaa kando yangu aliniuliza nimekuwa kipofu tangu lini, akanimegea muhogo. Nilisema tangu utotoni. Muhogo ulikuwa mzuri.

Jumatano, 17 Aprili

Ipogolo. Nilijificha nyuma ya mti kando ya Mto Ruaha Mdogo saa tatu asubuhi. Liberatus alikuwa ameifunga kamera juu chini kwenye jiwe, ili maji yaonekane yakipanda. Shauri lenyewe si baya. Nimechukia sana.

Bila kugeuka alisema, "Jailos, toka hapo, mdogo wangu, umesimama kwenye siafu." Alinijua kwa kikohozi. Kuhusu siafu nilikuwa nimekwishajua.

Ndivyo alivyo, hana hata adabu ya kukasirika. Alinisaidia kuvua viatu na kunikung'uta. Akaniomba nimshikie kibao ndani ya picha, kwa kuwa kingeangukia majini. Nikashika. Akasema nitabasamu. Nikatabasamu. Baadaye, tukila ugali kwake, mkewe Paskalina aliniuliza leo nani ananipigia picha Mbeya. Nikasema Tusekile. Liberatus akasema ana bahati mtu mwenye mke fundi.

Ijumaa, 19 Aprili. Ijumaa Kuu

Basi lilizama kwenye tope karibu na Chimala. Tumeingia Mbeya leo saa tatu asubuhi badala ya jana. Niliona watu wakielekea kanisani bila kengele.

Mzee Saulo amefariki. Alifariki jana, tarehe 18, kabla ya mapambazuko. Alikwenda kupiga kengele ya alfajiri na haikusikika. Mwili waliukuta ndani ya mlango wa kanisa. Fimbo ilikuwa imeegemea ukuta. Kofia ilikuwa juu ya benchi.

Tumemzika saa nane mchana. Nilibeba jeneza, upande wa kushoto, nyuma. Jepesi.

Tusekile aliniuliza kuhusu picha ya nne. Alikuwa ameiona kabla sijasafiri. Nilimweleza habari za chandarua na mwanga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakitoa chandarua chote kitandani na kukichoma nyuma ya jiko. Sasa tutalala na mbu.

Picha ya 363. Kamba ya kengele, nilihesabu hadi thelathini. Hapakuwa na upepo. Benchi na ukuta vimetoka vikali kabisa. Kamba imetoka ukungu mtupu, kama kitu kilichokuwa kikivutwa.

Shida nyingine. Mwalimu atahukumu Jumapili mara baada ya ibada, na kwa unyevu huu picha haikauki chini ya siku moja. Picha ya Pasaka haiwezi kupigwa Pasaka. Lazima ipigwe kesho. Si udanganyifu, ni hali ya hewa. Chandarua sitatumia.

Jumamosi, 20 Aprili

Picha ya 364. Kivuli cha kiti, kiti chenyewe hakimo. Sawa.

Picha ya 365, ya mwisho, ya kumtoa Mwalimu machozi: mimi mwenyewe ndani ya kioo kirefu cha studio. Suti, mikono kifuani, kamera juu ya stuli kando yangu, kibao mezani mbele ya kioo: 21 Aprili 1957. Saa tano na nusu, mwanga wa dirisha. Nilihesabu hadi nane bila kupumua.

Nimeisafisha. Kioo kipo. Meza ipo. Kibao kipo, tarehe inasomeka. Ndani ya kioo inaonekana stuli, na ukuta wa nyuma wenye msumari wa kutundikia kofia. Msumari una kofia, yenye utepe mweusi na unyoya. Studio haina kofia. Mimi sina kofia ya unyoya.

Mimi simo.

Niliiosha tena. Nikaipindua. Nikawasha taa. Simo.

Saa kumi. Nimejilaza. Viazi sikula, viazi hukaba. Ngazi sipandi. Nimeandika wosia: kamera kwa binti yangu Ikupa, koti kwa shemeji kwa kuwa ni lake. Liberatus, hakuna kitu.

Tusekile anasema Mwalimu amefika kwa basi la mchana, niende nikamwambie ukweli wote kuhusu tarehe. Nilimjibu kwamba mtu aliyebakiwa na siku moja hana nafasi ya kutembelea watu. Akasema kama ndivyo, basi nipasue kuni kabla haijaisha.

Jumapili, 21 Aprili. Pasaka

Tulikwenda makaburini kabla ya jua. Ukungu ulikuwa mzito, Mlima Loleza haukuonekana kabisa. Nilitembea katikati ya watu wanene, ili nikianguka nianguke juu ya mtu.

Mchungaji alisoma majina. Kumi na moja. La mwisho alilitazama kwanza, akaligeuzia daftari mwanga wa mashariki, akalitazama tena, kisha akasoma: Saulo. Akauliza kwa sauti ndogo nani aliliandika. Nilikuwa karibu, niliona. Mwandiko wa Saulo mwenyewe, herufi zake zilizolalia kushoto, kwa wino wangu wa bluu. Na tarehe: 18 Aprili.

Tuliimba. Nilichelewa kuanza.

Saa tatu, studio. Bado mzima. Liberatus alikuwepo, amefika jana jioni, na picha yake ya leo, aliyoipiga alfajiri, ilikuwa bado mbichi. Mwalimu alipanga picha mezani mistari miwili, zangu juu, zake chini, akizipitia kidole kwa kidole. Kwenye chujio alisita, lakini akapita. Nikaanza kuhesabu mapazia nitakayotundika humo.

Alifika tarehe 17. Yangu: Mzee Saulo kwenye benchi, Mbeya. Ya Liberatus: mto ukipanda mlima, na katikati yake mimi, nimeshika kibao cha tarehe 17, nimevaa koti la shemeji, natabasamu.

Nilisema ni Tusekile aliyepiga ile ya Mbeya. Mwalimu akasema vizuri, aitwe. Tusekile alikuwa mlangoni. Alisema, shikamoo Mwalimu, mimi kamera hata kuishika sijui.

Mwalimu hakupandisha sauti. Aliniambia alikuwa radhi kunipa studio kwa sababu ya ile sufuria. Sufuria! Kisha akaomba ufunguo. Nilimpa. Akampa Liberatus. Liberatus akasema pole sana, mdogo wangu, na kwa kuwa sasa pamekuwa kwake, akavua kofia na kuitundika kwenye msumari.

Utepe mweusi. Unyoya.

Mwalimu alikuwa ameishika picha yangu ya 365. Aliitazama, akakitazama kioo, akaitazama tena. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwishatoka, nimesimama nje ya mlango. Ndani ya kioo kulikuwa na stuli, ukuta, msumari na kofia. Simo.

Nimeelewa! Si kifo! Ni studio tu! Nilicheka kwa furaha mpaka barabarani. Nilipofika kwa fundi viatu ndipo nilipokumbuka kwamba ni studio.

Jumatatu, 22 Aprili. Jumatatu ya Pasaka

Usingizi sikupata, lakini shauri nimepata.

Saulo hayupo, daftari halina mtunzaji. Pasaka ijayo ni tarehe 6 Aprili 1958, nimeangalia kalenda. Mtu akiweza kuwaambia wazee wa kanisa mapema ni majina mangapi yatasomwa, watamnyima daftari? Na kuna jambo la pili, ambalo sikumwambia mtu. Liberatus akikosekana mwakani, studio itakuwa wazi.

Niliwaambia wazee ni picha ya ukumbusho. Walifurahi. Saa nne watu mia moja na kumi na wawili walikaa mbele ya kanisa, mistari minne, nguo za sikukuu. Mwalimu katikati. Liberatus mstari wa mbele, kofia kichwani, akiwapanga watoto wasisukumane. Mimi nyuma ya kamera. Niliandika kibao na kukisimamisha kwenye majani: 6 Aprili 1958.

Tusekile alikuwa amekwishakaa na Ikupa mapajani. Alisoma kibao. Aliinuka, akamshika mtoto mkono, akaondoka bila kuaga mtu. Ameharibu mstari wa pili. Hajarudi nyumbani bado. Nadhani yuko kwa mama yake.

Filamu inakauka juu ya jiko. Nimeishika dirishani. Kofia ya Liberatus naiona, mstari wa mbele. Ipo juu ya benchi.

Mistari mingine nayo ina nafasi nyingi kuliko nilivyotegemea. Mstari wa tatu ni benchi tu. Unyevu, bila shaka.

Kesho nitapita pale studio na kamba, nipime dirisha. Mapazia hushonwa taratibu.