Malalamiko Dhidi ya Dakika Moja ya Kumnyamazia Koplo Uledi

Sadalla, Fundi Saa,
Kibarazani, mkabala na duka la mashuka la Ansbert,
Kariakoo, Dar es Salaam.
8 Julai

Ndugu Marcelino, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,

YAH: KUPINGA DAKIKA MOJA YA UKIMYA

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, saa nne kamili asubuhi, bei ya shuka la sita kwa sita haitatangazwa katika mtaa wetu kwa muda wa dakika nzima. Habari hii nimeisoma kwenye karatasi mliyoibandika nguzoni. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na lenzi yangu ya kazini jichoni, na bado imeandikwa hivyo hivyo.

Kichwa cha habari kinajieleza, lakini kwa kuwa kamati yako ina watu wenye shughuli nyingi, nitakieleza tena.

Unamkumbuka marehemu Koplo mstaafu Uledi, aliyepigana vita vya Kagera, kisha akatoka jeshini akaja kuita wateja mbele ya duka la Ansbert kwa miaka kumi na tisa. Kifua kilipoanza kumsumbua, Ansbert alinunua spika, akamrekodi sekunde arobaini, akamwambia, "Mzee wangu, sasa kaa kitini, hii itapiga kazi." Uledi alifariki mwaka jana. Sauti haikufariki naye. Mpaka leo inasema, kama iko kwenye gwaride: "Shukaaa. Sita kwa sita. Foronya mbili, elfu kumi na mbili. Wewe kofia nyekundu, toa mguu kwenye bidhaa. Shukaaa."

Huyo mwenye kofia nyekundu alikuwa anapita zake siku ya kurekodi, akaendelea na maisha yake. Lakini tangu siku hiyo kila mwenye kofia nyekundu akifika hapa husimama na kutazama mguu wake. Nimewaona wengi, akiwemo mjumbe wako mmoja, ambaye alirudi nyuma hatua mbili na kuomba radhi.

Sauti hii ndiyo mnayotaka kuizima, eti kwa heshima ya marehemu mwenyewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Dakika naifahamu, ndiyo kazi yangu. Nimezifungua na kuzifunga kwa miaka thelathini na moja, na hakuna hata moja iliyopita Kariakoo ikiwa kimya. Ijumaa iliyopita mlifanya jaribio. Sikupenda kukukumbusha, lakini sina budi. Mlizima spika zote kuanzia kwa Ansbert mpaka kona ya vyombo, na wamachinga hamkuwaambia kitu. Ndugu Mwenyekiti, wewe umezaliwa hapa. Kariakoo ikinyamaza ghafla maana yake ni moja tu: mgambo wameonekana. Sekunde ya nane mtu akauliza, "Wako wapi?" Sekunde ya kumi turubai zilikuwa zimekunjwa. Sekunde ya ishirini mtaa ulikuwa mweupe, na muuza soksi mmoja alikuwa chini ya meza yangu ananinong'oneza, "Mzee, wamekuja na gari?" Nikamwambia hakuna mgambo, ni heshima kwa mashujaa. Akasema, "Heshima gani hii ya kukimbizana, baba?" Mama lishe Celina alibaki na sahani tisa za wali zinazofuka moshi na benchi tupu. Kama lengo la kamati lilikuwa kuenzi mbinu za kijeshi za kurudi nyuma, basi lilitimia.

2. Hili naliandika bila utani. Uledi alinisimulia vita mara moja tu, nikiwa nambadilishia betri ya saa. Walilala siku tatu ndani ya migomba, adui yuko ng'ambo ya mto, na amri ni kwamba mtu asitoe sauti. Mwenzake, Pantaleo, alikuwa amejeruhiwa tumboni. Aliuma mkanda wake mpaka akafa, na hakuna aliyejua, hata Uledi aliyelala naye bega kwa bega, mpaka alipomgusa ampe maji. Uledi aliyekwisha kunyamaza kiasi hicho, Ndugu Mwenyekiti, mnamwongezea ukimya wa nini? Nilimuuliza mwenyewe kama ndiyo sababu anapiga kelele namna ile dukani. Akaniuliza, "Saa imepona?" Nimelichukua hilo kuwa ni ndiyo.

3. Ansbert amekubali upesi mno. Juzi alinishika bega, akasema, "Sadalla, kitu kikishazimwa kwa heshima, kukiwasha tena ni kukosa adabu." Ameshamwandaa mpwa wake, Jacqueline, arekodi tangazo jipya. Sababu yake naijua. Shuka lile sasa ni elfu ishirini na mbili, spika bado inasema kumi na mbili, na kila siku ni ugomvi. Yeye huwaambia wateja, "Hiyo ni bei ya marehemu." Jana mama mmoja akamjibu, "Basi niuzie hiyo hiyo ya marehemu, upate thawabu." Akauziwa, maana nyuma yake walikuwa wamejaa wengine wanaosubiri kuona thawabu inavyotolewa. Jacqueline simlaumu, binti ana sauti nzuri. Ila yeye anakuomba ununue. Uledi alikuwa anakuamuru, na ulikuwa unakumbuka ukiwa umeshafika kwako kwamba mashuka unayo. Kwa hiyo hii si dakika moja. Mkizima saa nne kamili, saa nne na dakika moja Uledi hatakuwepo tena mtaani kwetu.

4. Kisheria pia mna tatizo. Marehemu alikuwa akitufundisha kwamba askari wa zamu haondoki lindoni mpaka aje wa kumpokea. Nimeuliza kibaraza kizima: hakuna aliyempokea. Basi yuko zamu. Kama yuko zamu, hajaanguka. Kama hajaanguka, hana haki ya kunyamaziwa, na hata mazishi tuliyoyafanya, nami nikiwa miongoni mwa wabebaji, nasema kwa unyenyekevu wote kwamba tuliyaharakisha. Naomba basi kamati ifute dakika ya ukimya na badala yake iweke dakika ya kelele, spika zote za mtaa zifunguliwe mpaka mwisho. Naomba spika ya Ansbert ipandishwe cheo kuwa Sajini, kwa kutokuomba ruhusa wala likizo kwa miaka mitatu. Naomba siku hiyo ipelekwe Mnazi Mmoja kwenye mashada, ikiwa inawaka. Na naomba kofia nyekundu kumi na mbili kutoka Mchikichini, mitumba safi tu, zivaliwe na vijana watakaosimama mbele yake kama gwaride la heshima. Ikifika pale pa kutoa mguu, watoe wote kwa pamoja.

5. La mwisho ndilo linaloniuma. Mjane wake, Bi Siti, hakuulizwa. Mnamzimaje mume wa mtu bila kumshirikisha mwenyewe? Mimi kesho naenda kwake na barua hii. Nitamsomea kuanzia juu mpaka chini, aweke saini yake chini ya yangu, ndipo niilete ofisini, ili mjue mnapambana na nani.

Nimalizie kwa kukuombea afya. Nisalimie mtendaji, wajumbe wote, yule wa kofia kwa namna ya pekee, na mwambie Celina wali wake wa Ijumaa ulikuwa mzuri, niliyemaliza sahani mbili kati ya zile tisa ni mimi.

Ni mimi, katika ujenzi wa taifa na ukarabati wa saa,

Sadalla

Nyongeza, 9 Julai: Nimemsomea Bi Siti yote. Amesikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akasema, "Shemeji, huyo uliyemwandika ni wa dukani. Wangu mimi alikuwa akiingia anavua viatu mlangoni, hataki redio, hataki mtu amuulize kitu, tunakaa tu wawili mpaka chakula kiive. Miaka thelathini na nane." Nikamuuliza walikuwa wanakaa wanafanya nini. Akasema walikuwa wanakaa. Saini hakuweka. Amesema ameshaiweka, kwenye ombi la hiyo dakika moja, ambalo alikuletea yeye mwenyewe.