Bureti Kumi na Mbili, Maabara Kumi na Moja

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wa Rongai, mapasta, machifu, wanachuo wapendwa, akina mama mlioketi juani, na wewe mtoto unayenitolea macho kutoka mgongoni kwa mama yako: mnisamehe. Hotuba hii nilipaswa kuiandika miaka mitatu iliyopita, lakini nilikuwa kwenye workshop ya kuandika hotuba. (Makofi ya chifu peke yake.)

Mimi, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Levis Kibii, Mratibu Mkuu wa Mpango wa Kugeuza Wanachuo kuwa Walimu wa Hesabu na Sayansi, natangaza kwamba kupitia capacity building, stakeholder engagement na busara yangu binafsi, maabara zetu za kufunzia walimu, kuanzia Kamere hadi hapa, sasa ni kumi na moja, yaani ongezeko la asilimia elfu moja na mia moja kutoka sifuri. (Wanachuo wa hesabu wanashika vichwa.)

Nani anauliza kwa nini bureti hizi kumi na mbili, vioo hivi virefu vya kupimia asidi, zina alama nyekundu kama zile nilizozindua Kamere? Kioo ni kioo, jamani. (Sauti: “Mzee, hiyo ni rangi yangu ya kucha. Nimeziosha na kuzibeba shule kumi na moja, na huyu mtoto mgongoni.”)

Asante, Mwalimu Cheruto, mwanachuo wetu wa mwaka wa nne, aliyebakisha kukaguliwa somo moja tu la maabara ndipo ahitimu. Unasema ulianza kungoja ukiwa na mimba, na sasa mtoto anatembea? Hiyo ndiyo sustainability. (Kicheko. Mtoto anapiga makofi.)

(Cheruto: “Basi kaa hapo mbele, mzee, unikague. Fomu ndiyo hii.”) Ningesaini, mama, ila fomu inauliza maabara iko wapi.

Hesabu juu. Sayansi juu zaidi. Walimu je? (Umati: “Wako wapi?”)

Asanteni kwa kushuhudia mradi huu, uliobakisha vitu vidogo tu, ambavyo naomba mnitumie: kiwanja, jengo, maji, mkufunzi wa kumkagua mama huyu, na barua ya kuuanzisha mradi wenyewe. Bureti msitume. Nisaidieni tu kuzipakia garini, shule ya Section 58 wananingoja nizindue maabara ya kumi na mbili saa nane.

(Cheruto amekalia kreti ya bureti. Ananyonyesha. Kalamu ameinyoosha kwa mheshimiwa.)