Msafara Mkuu wa Mzee Sabiri, Kutoka Nyumbani Kwake Hadi Ng'ambo ya Mtaro

Sogeeni, enyi mnaosubiri zamu kwa kinyozi, nanyi mliokwisha kunyolewa mkakosa pa kwenda! Punguzeni redio, tieni simu mifukoni, na wewe mwenye povu shavuni usitikisike, nisije nikasingiziwa damu yako. Nawaletea habari ya vita vilivyopiganwa katika mji huu huu wa Tabora, si enzi za machifu wala enzi za misafara ya pembe, bali Jumamosi iliyopita, baada ya chai. Nawaletea habari ya Sabiri bin Mrisho, Simba wa Randa, Sultani wa Misumeno, fundi ambaye miti migumu ya pori la Unyamwezi ilimtii kabla hajaigusa. Na kwanza kabisa jueni hili, mkawahadithie na wajukuu: tangu Mola aumbe mbao, hakijapata kutokea kitu kilichotengenezwa na Sabiri kikashindwa kupita mlango uliotengenezwa na Sabiri.

Naam. Hilo tuliache hapo kwanza.

Shujaa wetu alikuwa na nyumba: ya matofali ya udongo, bati lililopata kutu kwa heshima, ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku. Aliijenga akiwa kijana, akamwingiza humo mkewe, marehemu Bi Yasmini, ambaye alikuja na sanduku la bati mkononi na mtoto wa kike mgongoni, aliyempata kwa mume wa kwanza. Mtoto huyo ndiye Anifa. Sabiri hakujaliwa mtoto wa damu yake, lakini Anifa ndiye aliyemwita baba tangu hajajua kusema maji, na ndiye ambaye hadi leo humpikia, humfulia, na humsimamia asubuhi kama mnyapara mpaka ameze vidonge vyake vya presha.

Sasa, kila ufalme una mtu anayeutolea macho. Ufalme huu ulitolewa macho na Saidi wa Igunga, mtoto wa marehemu kaka yake Sabiri, mfanyabiashara wa mpunga, mwenye tumbo la kutangulia na simu mbili. Alikuja siku ya Idi. Watu walipokuwa wakila pilau, yeye akawa anaupima ukumbi kwa nyayo zake.

"Hapa ba'mdogo," akasema, "siku Mungu akipenda, patatoka gesti ya maana. Kila chumba na televisheni yake."

"Na Anifa?" akauliza Sabiri.

"Aa, Anifa hatuwezi kumtupa. Tutampa kazi. Atafua mashuka."

Neno hilo, enyi wasikilizaji, lilimwingia mzee kama patasi. Alimaliza pilau yake punje moja moja, na Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, akaenda kuketi mbele ya Shehe Mahfudhi, bahari ya elimu, kwa baraza la vita.

"Ewe Sabiri," akanena shehe, akikunja miguu, "mbele yako ziko njia tatu. Ya kwanza ni kufa bila kusema neno. Hapo mirathi itasema yenyewe. Huna mtoto, huna mke, kaka amekutangulia. Mtoto wa kaka yako ataichukua nyumba yote, madirisha na popo wake. Anifa si damu yako. Atapata mkono wa pole."

"Hiyo siitaki."

"Ya pili ni wasia. Lakini wasia hauvuki theluthi ya mali yako, mpaka mrithi aridhie. Una mali gani nyingine?"

Shujaa akafikiri sana. "Nina baiskeli."

"Basi Anifa atapata jiko, kipande cha ukumbi na usukani wa baiskeli."

"Ya tatu?"

"Hiba. Unampa leo, u hai, unamwona. Yote, hakuna wa kukupimia. Ila hiba haitimii kwa mdomo, Sabiri. Ni lazima akabidhiwe. Utatoka, wewe na kila kilicho chako, hata kijiko. Nyumba itabaki tupu mbele ya mashahidi, utampa ufunguo, na tangu hapo ni yake. Karatasi za serikali ya mtaa zitafuata. Ukitaka kurudi ndani, utarudi kama mgeni, akikukaribisha."

Sabiri akauliza, "Na asiponikaribisha?"

Shehe akamtazama kwa huruma. "Ndiyo maana inaitwa kutoa."

Basi Simba wa Randa akarudi nyumbani polepole, na njia nzima hakuitikia hata shikamoo za watoto. Alimjua Anifa, hakuwa na wasiwasi na Anifa. Aliogopa jambo dogo lisiloelezeka, la mtu aliyekuwa mwenyeji maisha yake yote na hajui mgeni huweka wapi mikono. Lakini kila aliposita, aliyaona yale mashuka yakianikwa uani, mashuka ya gesti, na mkono wa Anifa ukiyakamua. Akakata shauri.

Jumamosi ikapambazuka, na msafara ukafungwa. Oh, laiti mngeuona! Misafara ya kale ilitoka pwani ikapita hapa kwenda Ujiji, ikavuka mito na mapori yenye simba. Wa Sabiri ulitoka chumbani, ukapita ukumbini, ukavuka mtaro wa maji machafu juu ya ubao mmoja, ukatua kwenye baraza ya Bi Tunu, jirani wa ng'ambo, mkaanga mihogo na mpika chapati, aliyejitolea kuupokea. Safari fupi, mtasema. Jaribuni ninyi kuvuka mtaro ule na kabati mgongoni!

Mbeba kabati alikuwa Leopoldi, mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu, pande la mtu, aliyekuja mjini kuchukua dirisha alilokuwa ameagiza kwa Sabiri. Alibisha hodi kuulizia dirisha, akajikuta kabati liko mgongoni. Hakulalamika. Alisema tu, "Yesu na Maria," akavuka.

Vikatoka vyungu na sufuria. Likatoka sanduku la bati la Bi Yasmini, ambalo Sabiri alilibeba mwenyewe akakataa kusaidiwa. Ikatoka redio, chandarua, godoro, jamvi, misumeno yote kwa ukoo wake. Shehe Mahfudhi alisimama ukumbini kama amiri jeshi, na Anifa kando yake, mikono ameikunja, uso ameukunja zaidi.

"Baba, haya yote ya nini?" akasema. "Mimi nimeshakwambia, sitaki ugomvi na watu wa Igunga."

"Ugomvi haupo, mwanangu. Wewe simama hapo upokee."

Na ndipo basi la Igunga likawa limeshafika stendi, na bodaboda ikamshusha Saidi mlangoni akihema kana kwamba ndiye aliyeisukuma. Nani alimpigia simu, historia haisemi.

"Shikamoo ba'mdogo. Shikamoo shehe. Kumbe tunahama?"

"Marahaba. Ninatoa," akajibu Sabiri.

"Toa tu, ni haki yako." Saidi akachungulia chumbani, na tabasamu likamtanda kama samli kwenye mkate. "Ila naona bado kuna kitu."

Kitu chenyewe kilikuwa kitanda.

Enyi watu wa benchi, hicho hakikuwa kitanda, kilikuwa ngome. Mninga mtupu, matendegu mazito kama nguzo za msikiti, kila mfumbati wa ubavuni umeingizwa ulimi wake kwenye tundu la mwenzake, ukatiwa gundi na vijiti vya mbao, bila msumari hata wa dawa. Sabiri alikifanya kwa ajili ya harusi, pale pale chumbani, wakati chumba hakijatiwa mlango. Kisha akatengeneza mlango mzuri, mwembamba, wa kuzuia vumbi. Akautia. Na tangu hapo hadi Jumamosi hiyo, kitanda na mlango havikuwa vimewahi kuulizana habari.

Vita vikaanza. Leopoldi akashika kichwani, Sabiri miguuni. Wakakiingiza kimelala, miimo ya mlango ikasema hapana. Wakakisimamisha, kikagonga dari, na vumbi la miaka likamshukia shehe kilembani. Wakakipindua ubavu, tendegu likatoka nje likawachungulia waliokuwa ukumbini, kisha likakataa kwenda mbele na kurudi nyuma. Jasho likatiririka! Mbao zikapiga kelele! Jeshi la Sabiri lilikuwa likipigana na jeshi la Sabiri, na pande zote mbili zilikuwa zimetengenezwa vizuri mno.

"Mzee," akasema Leopoldi, amebanwa ukutani na tendegu, "kwetu kitanda kikigoma namna hii, tunavunja ukuta."

"Hapana!" akafoka Sabiri. "Ukuta ni wa Anifa. Siwezi kumpa mtu nyumba yenye tundu."

"Basi tuvunje kitanda."

Leopoldi akajichomoa, akavuka mtaro, akarudi na msumeno. Sabiri akaupokea, akapiga goti kando ya mfumbati, akaweka meno ya msumeno juu ya mninga. Humo ndimo alimolala Bi Yasmini usiku wake wa kwanza katika nyumba ile, na humo ndimo alimouguzwa mpaka mwisho. Mkono uliokata nusu ya milango ya mji huu ukagoma kwenda mbele.

"Kitanda bado kimo," Saidi akaimba kutoka ukumbini. "Shehe, si umesema hata kijiko? Hiba haijatimia hiyo. Tukaombe chai."

Shehe akajifuta vumbi, akaguna. "Kwa hilo, hajakosea."

"Baba, usikate," akasema Anifa.

"Nisipokata kitabaki humu, na kikibaki kikiwa changu, wewe huna nyumba."

"Basi kisiwe chako."

Sabiri akainua kichwa.

"Si unatoa?" Anifa akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Kitoe nacho. Mama alilala humo. Na mimi nililala humo katikati yenu, mpaka uliponitengenezea changu."

Shujaa wetu akaulaza msumeno chini. "Shehe, shuhudia. Leopoldi, shuhudia. Kitanda hiki, matendegu yake na mifumbati yake, nimempa Anifa pamoja na nyumba. Sina changu humu."

Leopoldi akakisukuma kitanda kwa bega mpaka kikarudi mahali pake. "Tutaona!" akasema Saidi, akazama chumbani kukagua kama bwana ushuru wa mpakani. Akainama, akalala kifudifudi, akanyoosha mkono uvunguni, na akaibuka na utando wa buibui usoni na ndala moja iliyokatika. "Na hii ya nani?"

Sabiri akaipokea, akatoka hadi mlango wa mbele, akairusha. Ikapaa juu ya mtaro kama mkuki wa mashujaa wa kale, ikatua kando ya karai la Bi Tunu. Naye mwenyewe akaifuata, akavuka ule ubao, akageuka, akampa shehe aliyemfuata ufunguo, na shehe akarudi nao akauweka kiganjani mwa Anifa. Mlango ukafungwa. Nyumba haikuwa tena na kitu cha Sabiri, ikawa ya Anifa.

Saidi akatazama mlango, akatazama saa. "Basi la kurudi linaondoka saa ngapi?" akamuuliza Leopoldi.

"Mimi mtu wa Ulyankulu, bwana. Mabasi yenu siyajui."

Na sasa, enyi wasikilizaji, fikieni kilele! Simba wa Randa, asiye na nyumba, asiye na kitanda, mzee aliyebaki na baiskeli yake na jamvi, akajikung'uta kanzu, akauvuka tena mtaro. Mji wote wa Tabora ukasimama. Treni ikanyamaza stesheni. Sabiri akaufikia mlango alioutengeneza kwa mikono yake, akainua kifua, na kwa sauti ya radi akanena: "Hodi, ewe nyumba niliyoijenga! Mimi Sabiri bin Mrisho, niliyetoka humu nikiwa bwana, narejea nikiwa mgeni, na sioni haya! Fungua, ewe binti—"

"We kijana! Nani alisema maneno hayo?"

Bi Tunu huyo. Alikuwa anapita na sinia la mihogo kichwani, hakuna aliyemwona anasimama.

"Nauliza, nani alisema? Sabiri? Sabiri hakusema kitu. Alisimama pale mlangoni mdomo wazi, hodi haitoki. Hajawahi kupiga hodi pale tangu ajenge, angeanzia wapi? Akanyanyua mkono kugonga, akaushusha. Akaunyanyua tena. Nikasema leo huyu atalala kwangu. Ndipo Anifa akafungua mwenyewe, hata hajagongewa, akamwambia, 'Karibu baba. Vua viatu, nimepiga deki.' Akavua. Akaingia. Basi, na mimi nikalia hapo nikaunguza chapati."

Watu wa benchi wakanigeukia. Mwenye povu akauliza, "Kwani wewe ulikuwa wapi?"

"Huyu?" Bi Tunu akashusha sinia. "Si alikuwa nyuma ya jiko langu, anamalizia chapati nilizowawekea wabeba mizigo. Hata hicho kitanda hajakiona."