Fundi Valerian na Tanki la Baridi

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, Shinyanga iliamka na upepo mkavu wenye vumbi, na kile kibaridi cha kipupwe kinachowafanya madereva wa bajaji wavae makoti ya mvua ingawa mvua haipo hata kwa fununu.

Valerian Donatus, fundi kompyuta, alifungua kibanda chake karibu na soko, akavua kofia, akamwomba Mungu ampatie ng'ombe sita. Aliomba kwa moyo kabisa. Tatizo lake lilikuwa kwamba akishasema amina alianza kumsaidia Mungu kutafuta njia, na njia alizozipata zilikuwa za kona kona.

Ng'ombe hao walikuwa mahari ya Rhoda. Baba yake Rhoda, mzee Boaz, alikuwa ameshatamka: kesho anakuja mfanyabiashara wa pamba na ng'ombe wake, na kama Valerian hana la maana la kusema kufikia leo jioni, asijisumbue kusema tena.

Alikuwa bado anatazama barabara kwa huzuni pale Maganga alipoegesha pikipiki. Maganga alikuwa msaidizi wa mtaalamu wa mifugo, na nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga tanki la bati jeupe lenye shingo nyembamba. Akafungua kifuniko ili apime kilichomo. Moshi mweupe ukamwagika mpaka chini, mzito kama maziwa. Wapita njia wakaruka pembeni. Mama mmoja akamtaja Yesu.

"Ni nini hiyo?" Valerian akauliza.

"Naitrojeni ya maji. Nyuzi mia moja tisini na sita chini ya sifuri. Ukichovya kidole, unaondoka na vidole tisa."

Valerian alikuwa akiota kitu hicho kwa miaka. Alikuwa ameona kwenye simu vijana wa mbali wakimimina moshi kama huo juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na mashine ikakimbia mara mbili ya ilivyopimwa kiwandani bila kuungua. Na watu walivyouogopa ule moshi! Mtu akiogopa kitu asichokielewa, atakiamini pia.

"Niazime leo tu."

"Humu mna mirija ya mbegu za madume. Kuna akina mama wananisubiri niwapandikizie ng'ombe wao."

"Akina mama watasubiri. Ng'ombe si treni, hawaondoki. Nikipata ng'ombe sita, nitahakikisha nimepata saba, na wa saba ni wako."

Maganga akafikiri kwa muda wa kukohoa mara moja. Kisha akapiga simu, na kwa sauti ya mtu aliyefiwa akawaambia hao akina mama kwamba tanki limepasuka. Alipokata, akamgeukia Valerian. "Gesi tumia. Mirija usiguse. Na usiishushe gesi chini ya alama hii, maana mbegu zikifa nitazikwa nazo. Pikipiki chukua, ila mafuta ni yako."

Hapo Valerian akampigia mzee Bujiku wa Kagongwa. Bujiku alikuwa na duara la dhahabu upande wa Geita, shimo refu lililokwisha kumeza magogo, dizeli na subira yake yote bila kumrudishia hata punje.

"Shikamoo mzee. Ile mashine ya kuona mwamba wa dhahabu imefika."

"Marahaba. Mashine ipi?"

"Kompyuta za kawaida zinaelewa mwamba ulipo, lakini zinachelewa. Mpaka zimalize hesabu, jirani yako ameshachimba. Hii inapigwa baridi, inawahi. Malipo ni ng'ombe sita."

Mlango ukasikika ukifungwa upande wa pili.

"Njoo," Bujiku akanong'ona. "Mke wangu asijue."

Mchana Valerian akaingia uani kwa Bujiku, tanki likiwa limefunikwa blanketi kama mgonjwa. Upande mmoja wa ua kulikuwa na akina mama wengi, nyuso zao za msibani. Zizini ng'ombe walikuwa wakilia na kupandana.

"Mwadila, mayu," Valerian akamsalimia aliyekuwa mbele yao. Aliona salamu ya Kisukuma ingemwongezea heshima.

"Mwadila, baba," akajibu Mama Ngusa, mke wa Bujiku. "Karibu. Umetukuta vibaya. Kikundi chetu tumewachoma ng'ombe sindano ili wapate joto la kupandwa siku moja, na siku yenyewe ni leo. Mbegu tulishalipia. Asubuhi hii tunaambiwa tanki limepasuka."

Valerian akaelewa ni tanki gani. Alitamani kurudi alikotoka. Lakini akamkumbuka mfanyabiashara wa pamba, akavuta blanketi vizuri.

"Poleni sana, akina mama. Watu wengine hawana utu."

"Na hicho ulichofunika?"

"Betri, mama. Ya kompyuta."

"Betri inatoa moshi?"

"Ni... betri kubwa."

Mama Ngusa akalitazama blanketi, akamtazama binti yake Ngusa, aliyesomea mifugo chuoni na sasa alikuwa amekaa nyumbani na ujuzi wake bila kazi.

Valerian akapanga vyombo mezani haraka. Mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, aliipaka mafuta ya mgando kila kona, kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, ili umande wa baridi usiiue. Juu ya prosesa akafunga kikombe kizito cha shaba.

"Kabla hujaanza," akasema Mama Ngusa, "tuombe. Hapa hatuanzi kazi bila Mungu."

Valerian alikuwa mtoto wa katekista. Angeweza kudanganya mtu yeyote, ila kufumbua macho wakati wa sala hakuweza. Kope zenyewe zilikataa. Mama Ngusa akaombea taifa. Akaombea mvua za msimu ujao. Akaombea wagonjwa, kwa majina. Akaombea wajane, wachimbaji walio chini ya ardhi, madereva wa malori, "na mgeni wetu huyu, Bwana, na vyote alivyobeba." Ilikuwa sala ndefu na nzuri, na Valerian akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Alipofumbua macho, akina mama walikuwa wamehamia zizini. Alishukuru. Akajaza kikombe cha shaba gesi kidogo kidogo. Moshi ukatambaa mezani, ukashuka mpaka kwenye viatu vya Bujiku, naye akainua miguu.

Na hapo jambo la ajabu likatokea: mashine ikakubali kweli. Namba kwenye kioo zikapanda. Tatu. Nne. Tano. Valerian akasahau mwamba, akasahau ng'ombe, akasahau hata kudanganya.

"Sita!" akapiga kelele. "Mzee, sita!"

"Sita nini? Mita?"

"Mapigo bilioni sita kwa sekunde moja!"

"Bilioni sita za nani?"

Huko zizini vigelegele vikapasuka. Valerian, machozi yakimlenga, akainama kidogo kupokea sifa.

Kisha akakumbuka kazi. Akafungua ramani, akabonyeza, na alama nyekundu ikatokea katikati ya duara la Bujiku.

"Mwamba huo hapo."

"Sita wako wachukue leo leo!" Bujiku akasema, akimkumbatia.

"Wachukuliwe akina nani?"

Mama Ngusa alikuwa amesimama nyuma yao. Kando yake alikuwa Ngusa, amevaa glovu ndefu ya plastiki mpaka begani, imejaa kinyesi cha ng'ombe, na anatabasamu.

"Tumemaliza, injinia," akasema Ngusa.

"Mmemaliza nini?"

"Kupandikiza. Wote."

Valerian akavuta blanketi, akainua kishikio cha mirija ndani ya tanki. Mirija haikuwepo hata mmoja.

"Lakini tulikuwa tunaomba!"

"Sisi tulikuwa tunaomba," akasema Mama Ngusa. "Ngusa alikuwa akihamisha mirija kwa koleo, na gesi kidogo, kwenye chupa ya chai. Mungu hakuagiza wote tufumbe macho. Lazima mmoja aangalie maziwa jikoni."

Akatoa simu, akampigia Maganga, akaweka sauti kubwa.

"Mama, nasema kwa uchungu," sauti ya Maganga ikalia, "tanki limepasuka vipande viwili."

"Pole mwanangu. Niko nalo hapa, nimeliegemea."

"Mama, mtandao unasumbua."

"Hata ofisini kwenu mtandao utasumbua Jumatatu, nikifika."

Bujiku alikuwa ameanza kuelewa. "Na ile alama nyekundu?"

"Mzee, mashine ni ya kweli kabisa," Valerian akasema taratibu. "Alama niliweka mimi."

Fimbo ya Bujiku ikapanda.

"Ishushe," akasema mkewe. "Nani alisema mke asijue?"

Fimbo ikashuka nusu, na Bujiku akaona jambo la muhimu sana la kuchunguza kwenye kiatu chake.

"Sasa wewe," Mama Ngusa akamgeukia Valerian. "Ng'ombe sita wa nini?"

Akawaeleza yote, juu ya Rhoda na mzee Boaz na tajiri wa pamba, bila kupamba hata sehemu moja. Akina mama wakasikiliza. Mmoja akasonya, mwingine akafuta jicho.

"Umelibeba tanki toka Shinyanga na mbegu zimefika salama," Mama Ngusa akasema hatimaye. "Ngusa ana ujuzi, sisi tuna ng'ombe, tunakosa wa kutuletea gesi. Utaleta wewe, kila mwezi, kwa njia ya halali. Ujira wako ni ndama jike wa kwanza wa chotara."

"Na nikishindwa?"

"Kituo cha polisi kiko njia hiyo hiyo unayorudia."

Simu ya Valerian ikaita. Alipoona jina, akataka kuizima.

"Weka sauti kubwa," akasema Mama Ngusa. "Leo utasema kweli mbele yetu."

"Jua linazama," ikasema sauti ya mzee Boaz. "Wako wapi?"

"Shikamoo baba. Sita sina. Ninaye mmoja. Na huyo mmoja... yuko tumboni, tangu mchana huu."

Akina mama wakasogea karibu na simu.

"Tumboni mwa ng'ombe gani? Dume lake nani?"

"Friziani, mzee," Ngusa akadakia. "Nimempandikiza mwenyewe."

Mzee Boaz alikuwa mfugaji. Akapiga hesabu ya maziwa moyoni, na walisikia anavyopumua. Nyuma yake sauti ya msichana ikasema, "Baba, hii ni mara yake ya kwanza kusema kweli. Mpokee kabla hajabadilika."

"Haya," akasema Boaz. "Wa pamba nitamwambia asubiri. Lakini ahidi, na hao walio hapo wasikie."

Valerian akavua kofia, akasimama wima kati ya akina mama.

"Mimi, Valerian Donatus, naahidi mbele ya Mungu, mbele ya akina mama hawa, na mbele ya mzee Bujiku ambaye bado hajaweka fimbo chini. Kila mwezi nitaleta tanki limejaa na mirija yote. Na ndama akizaliwa na kuachishwa maziwa, nitamswaga mwenyewe kwa miguu mpaka mlangoni kwako, baba." Akamtazama Mama Ngusa, aliyekuwa bado anasubiri. "Na njiani sitamuuza."