Chai Ilimwagwa

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Nimeimwagia chai mashine ya fotokopi. Kikombe kizima, na sukari yake. Ikakohoa, ikatoa moshi kidogo, ikanyamaza. Hakuna aliyeniona. Lakini Mama Meneja kaniagiza nimpe ripoti ya mashine kesho, tena kwa Kiingereza, maana wakubwa wa makao makuu hawasomi kingine. Na Ijumaa ndiyo anamtaja mkuu mpya wa stoo! Tunagombea wawili: mimi na yule wa kaunta tunayemwita Kalamu, mwenye peni tatu mfukoni na tabia ya kujipendekeza. Cheo hiki nakitaka kwa kufa na kupona. Mke wangu keshawaambia ndugu zake wote kwamba nimekipata.

Jioni nikamwomba shemeji anisaidie. Ni mwalimu wa Kiingereza, na analala kwenye kochi letu tangu mwezi jana. Akaeleza kauli ya kutenda: anatangulia mtu, halafu alichofanya. I broke the cup. Kisha kauli ya kutendwa: kinatangulia kitu. The cup was broken. Nikamuuliza, aliyevunja yuko wapi? Akasema si lazima atajwe.

Si lazima atajwe! Nusura nimkumbatie.

Jumanne, 4 Machi

Nimewasilisha. Chai ilimwagwa, mashine iliharibiwa, masikitiko yalionekana. Humo ndani hakuna binadamu hata mmoja. Meneja akasoma, akanitazama juu ya miwani, akasifu Kiingereza changu. Nimempiga chenga!

Shemeji kasema kauli hiyo hutumika mtendaji asipojulikana, au kitu kikiwa muhimu kuliko yeye, si kwa kujificha. Walimu bwana.

Jumatano, 5 Machi

Bomba la stoo limepasuka. Kalamu alikuwa ameenda kula. Nikachomoa ufunguo ukutani, nikapandisha ghorofani maboksi arobaini na mawili, peke yangu. Mgongo sina. Anayechukua ufunguo hutakiwa kuandika jina daftarini, ila mimi siku hizi sipendi jina langu lizagae. Ripoti nimeiandika kwa mtindo uleule: maji yalionekana, maboksi yalibebwa, mali iliokolewa. Tamu mno. Nimeisoma mara tatu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya. Meneja alisoma ripoti zote mbili mbele ya wafanyakazi. Akasema kwa kuwa hazina watu, imebidi awatafute mwenyewe. Kwa maboksi akafungua daftari la ufunguo. Jina la mwisho: Kalamu, asubuhi ile. Makofi! Kalamu akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mnafiki mkubwa. Kwa chai akatazama ratiba ya zamu ya kuandaa chai iliyobandikwa kwenye mlango wa jikoni. Jumatatu: mimi.

Uchungu ukanishika. Nikasimama, nikasema maboksi nilibeba mimi, mgongo wangu shahidi. Meneja akavua miwani.

"Kwa hiyo na chai ulimwaga wewe?"

Nikasema hilo ni jambo jingine. Walicheka hadi mlinzi akachungulia.

Baadaye akaniita ofisini. Cheo atakitangaza Jumatatu. Niandike upya ripoti zote mbili, na kila moja imtaje aliyefanya. Kumwaga chai, alisema, hakumkoseshi mtu cheo. Anachotafuta ni mtu wa stoo anayesema ukweli. Nilitoka mwepesi kabisa. Nafasi bado ninayo!

Jumapili, 9 Machi

Nimemaliza. Maboksi: mimi niliona, mimi nilibeba, mimi niliokoa. Jina langu limo mara kumi na nne.

Ripoti ya chai ilinitesa tangu asubuhi. Shemeji alinisihi niandike kwa kauli ya kutenda, sentensi moja, yaishe. Nimemsikiliza. Kikombe kiliteleza, kikamwaga chai, kikaharibu mashine. Kauli ya kutenda tupu! Meneja kataka mtendaji, nimempa. Shemeji kasoma, kajifunika shuka gubigubi pale kwenye kochi. Wivu.

Mke wangu kapita sasa hivi na shati langu la kesho, lina alama ya kahawia mgongoni. Kauliza nani kaliunguza.

Nimemjibu: pasi.